Andika ulichonacho: Digrii na leseni kwa CV bila kujichoma

Hebu fungua CV yako sasa hivi. Ile iko kwa simu, ile ulichapiwa pale saiba ukaambiwa ongeza hamsini ndiyo iwekwe rangi. Shuka hadi pale pameandikwa 'Elimu'. Soma polepole, kama vile mtu asiyekujua angesoma. Kisha jiulize swali moja tu: nikipigiwa simu kesho asubuhi niambiwe nije na vyeti halisi, si kopi, je, kila mstari hapo uko na karatasi yake?

Kama jibu ni ndiyo, hongera, endelea kusoma ukinywa chai. Kama umesita kidogo, karibu. Haya yameandikwa kwa ajili yako, na aliyeyaandika aliwahi kusita pia.

Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea biashara. Pesa za HELB hazikutosha, karo ikakwama, na nyumbani kulikuwa na wadogo wangu wawili sekondari. Sikufukuzwa na sikufeli. Nilienda likizo nikakosa kurudi, basi. Baadaye nikaanza kutafuta kazi ya ofisi, na kwa CV nikaandika hivi: Shahada ya Biashara, jina la chuo, mwaka nilioanza, kistari, halafu mwaka ambao wenzangu walivaa kofia za mahafali. Angalia ujanja wangu. Sikuandika popote kwamba nilihitimu. Nilimwachia msomaji ajijazie mwenyewe.

Nikaitwa intavyu kwa kampuni moja mjini. Mambo yakaenda poa kabisa. Mama wa HR aliuliza maswali kuhusu mauzo, nikamjibu kutoka kwa mwaka mzima niliokuwa nimezunguka nikiuza vifaa vya simu. Tukacheka. Mwisho akasema, "Basi tuletee cheti cha digrii na transkripti Jumatatu, tarehe moja uanze kazi." Nikamwambia asante sana, madam. Nikashuka ngazi, nikafika barabarani, nikazima simu. Hiyo Jumatatu sikuenda.

Hakuna aliyenikamata wala kunipeleka kortini. Lakini wiki mbili baadaye nilirudi kwa lile tangazo la kazi nikalisoma vizuri. Lilisema: diploma, au ujuzi unaolingana na huo katika mauzo. Yaani ningeandika ukweli, pengine ningepata hiyo kazi. Niliikosa kwa sababu ya digrii ambayo hakuna mtu alikuwa ameniomba. Mpaka leo hiyo ndiyo huniuma.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na sitauzungusha: kwa CV andika kila kitu ulichonacho, tena kwa jina lake kamili, na usiandike hata nusu ya kile huna. Hapa simaanishi tu mambo ya kuwa mtoto mzuri. Vijana wengi wa mtaani hupoteza kazi pande zote mbili. Kuna yule anajiongezea kile hana, na kuna yule ana leseni nzuri mfukoni lakini ameificha chini kabisa ya ukurasa, baada ya 'napenda kusoma na kuogelea'.

Digrii na leseni ni vitu viwili

Tuanze hapa, maana hapa ndipo wengi tunachanganyikiwa. Digrii, diploma au cheti cha chuo kinasema ulisoma nini na ukafaulu. Ukishapewa ni chako hadi uzeeni, hakiishi muda. Leseni au usajili unasema kitu kingine: kwamba bodi fulani inakuruhusu kuifanya hiyo kazi leo. Leseni inaweza kuisha, inaweza kusimamishwa, inaweza kufutwa. Mtu anaweza kuwa na digrii safi kabisa na bado asiwe na ruhusa ya kufanya kazi hiyo.

Chukua sheria. Ukimaliza LLB wewe ni mhitimu wa sheria, bado hujawa wakili. Kuna Kenya School of Law, kuna mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, kuna miezi sita ya kufunzwa kazi chini ya wakili mwenye uzoefu, kisha unaapishwa na jina lako kuingia kwenye orodha ya mawakili. Hata baada ya hapo, ni lazima uchukue cheti cha kuhudumu kila mwaka. Sasa ukiandika 'Wakili' kwa CV ukiwa na LLB pekee, hujaongeza chumvi tu. Umejipa kazi ambayo sheria haijakupa.

Uhandisi ni vivyo hivyo. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, yule aliyetoka chuo juzi husajiliwa na Bodi ya Wahandisi, EBK, kama mhandisi mhitimu. Lile neno 'Eng.' mbele ya jina linangoja hadi asajiliwe kama mhandisi mtaalamu. Najua wasee wanaliweka mbele ya jina kwa Facebook siku ya mahafali. Facebook ni yako, jifurahishe. Kwa CV ni makosa.

Uhasibu nao una mtego wake. KASNEB ndiyo hutahini, ICPAK ndiyo husajili wanachama. Ukimaliza mitihani yote ya CPA, andika umemaliza mitihani ya CPA, utaje KASNEB na mwaka. Zile herufi CPA (K) baada ya jina ni za mwanachama aliyesajiliwa. Na kama umefika katikati, taja ngazi uliyofika. Mwajiri anayejua hesabu anaelewa vizuri kabisa mtu aliyepita ngazi ya kati ni mtu wa aina gani. Asichoelewa ni 'CPA' tupu inayoelea hapo bila maelezo.

Mwalimu ana digrii au diploma ya ualimu, lakini bila usajili wa TSC hafai kusimama mbele ya darasa. Muuguzi ana diploma au digrii yake, na bado anahitaji usajili na leseni hai ya Baraza la Wauguzi. Fundi wa stima anaweza kuwa na cheti cha chuo cha ufundi, lakini kufunga stima kwa nyumba ya watu anahitaji leseni ya EPRA, na leseni hizo zina madaraja, kuanzia C2 ya kazi ndogo ndogo hadi A1. Dereva anajua hii hadithi vizuri kuliko sisi wote: leseni ya gari dogo haikuruhusu kushika usukani wa lori wala wa matatu.

Umeona sasa? Mwajiri akisoma CV anatafuta majibu mawili. Ulisoma? Unaruhusiwa? Usimlazimishe akisie lolote.

Kuandika kwenyewe

Tenga sehemu mbili. Moja iitwe Elimu, nyingine iitwe Leseni na Usajili. Kama kazi unayoomba haiwezi kufanywa bila leseni, hiyo ya leseni itangulie. Dereva anayeomba kazi ya udereva hana haja ya kuanza na shule ya msingi. Aanze na daraja la leseni na miaka aliyokuwa barabarani.

Kwa kila digrii au diploma, weka vitu vinne: jina kamili la kozi, chuo, mwaka uliohitimu na matokeo kama yanakusaidia. Anza na ya juu zaidi, shuka. Ukishakuwa na diploma, KCPE inaweza kupumzika. Nimeona CV ya jamaa wa miaka 26 ikianza na shule ya nasari. Mazee, hakuna mtu anayeajiri kwa kuangalia ulivyopaka rangi ukiwa na miaka mitano.

Kwa kila leseni, weka pia vitu vinne: jina la leseni, daraja lake, bodi iliyoitoa, na hadi lini inatumika. Mfano: 'Leseni ya fundi wa stima, daraja C2, EPRA, inatumika hadi' halafu unaweka mwezi na mwaka. Mstari mmoja tu, na mwajiri amejibiwa yote. Nambari ya leseni weka kama tangazo limeiomba. Nambari ya kitambulisho usiiweke kwa CV unayotupa huku na kule, maana hujui itaishia mikononi mwa nani.

Kama leseni imeisha, sema imeisha. Andika 'ilikuwa hai hadi mwaka fulani, naihuisha sasa', na uwe unaihuisha kweli. Bodi nyingi siku hizi zina orodha mtandaoni ambapo mtu yeyote anaandika jina lako na kuona kama uko hai au la. HR hahitaji hata kupiga simu.

Kozi za mtandaoni ziwe na sehemu yake chini, zikiitwa kwa jina lake. Kozi ya wiki sita kutoka chuo kikubwa cha Marekani ni kitu kizuri, na inaonyesha una hamu. Lakini ukiiweka chini ya Elimu ukaandika jina la hicho chuo pekee, mtu atadhani ulipanda ndege. Andika ni kozi, ni ya mtandaoni, na ni ya muda gani.

Gredi za KCSE. Hapa najua panauma. Kama tangazo halijaomba gredi, unaweza kuandika tu kwamba una KCSE na mwaka. Kutotaja si uongo. Lakini kama wameomba gredi, iandike kama ilivyo. D ni D. KNEC ina njia ya kuthibitisha matokeo ya mtu, na waajiri wanaitumia.

Sasa wewe ambaye hukumaliza

Hii ndiyo sehemu ambayo nilikosa mtu wa kuniambia wakati ule.

Kuna watu wa aina tatu ambao hawajamaliza, na kila mmoja ana namna yake ya kuandika. Wa kwanza bado yuko darasani. Aandike jina la kozi, chuo, 'inaendelea', na mwaka anaotarajia kumaliza. Rahisi.

Wa pili amemaliza mitihani yote lakini hana cheti mkononi kwa sababu ana deni la karo, au mahafali hayajafika. Hawa ni wengi kuliko tunavyokiri. Ndugu yangu, hujafeli. Andika 'nimekamilisha mitihani, nasubiri cheti', kisha tafuta barua ya chuo inayosema hivyo, au transkripti. Ukiulizwa mbona cheti hakipo, sema ni deni. Mwajiri mwenye akili ameishi nchi hii, anajua karo ni nini. Na kama cheti kilichokwama ni cha KCSE shuleni, jua kwamba Wizara ya Elimu imewaagiza walimu wakuu mara kadhaa wasizuilie vyeti kwa sababu ya karo. Enda uulize, kwa heshima lakini bila woga.

Wa tatu ni mimi. Aliyeondoka katikati na hajarudi. Siku hizi CV yangu inasema: 'Shahada ya Biashara, miaka miwili, haijakamilika.' Chini yake nimetaja masomo matano niliyopita na ambayo yanahusu kazi ninayoomba. Neno 'haijakamilika' nilipoliandika mara ya kwanza vidole vilikuwa vizito. Nilihisi kama natangaza aibu ya familia. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha uchi wangu mwaka mzima bila kuzaa kitu.

Unajua kilichotokea? Niliulizwa. Kila intavyu naulizwa. Na nina jibu la sentensi mbili: "Niliacha kwa sababu ya karo, na kwa muda huo nimekuwa nikifanya kazi hii na hii. Nikipata nafasi ya kumalizia nitamalizia." Halafu nanyamaza. Usilie, usilaumu serikali kwa dakika kumi, usimwambie HR habari ya shamba lililouzwa. Sentensi mbili. Wengine wananiangusha hapo hapo, siwezi kukudanganya. Wengine wanasema sawa na kuendelea na swali lingine. Hao wa pili ndio ninaotafuta.

"Lakini waongo ndio wanapata kazi"

Nimesikia hii mara nyingi, na huwa sipingi haraka, kwa sababu mara nyingine ni kweli. Kuna mtu aliyeenda River Road akatoka na cheti kinachong'aa kuliko cha chuo chenyewe, na leo anapokea mshahara huku wewe uliyesoma miaka minne ukikanyaga lami. Inachoma roho.

Lakini angalia mwisho wa hizo hadithi. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma, PSC, ilitangaza kwamba ukaguzi wa vyeti vya watumishi walioajiriwa au kupandishwa vyeo kwa muda wa miaka kumi uliwapata zaidi ya watu 2,000 wenye vyeti vya kughushi. Majina yakapelekwa kwa EACC na DCI. EACC haiishii kumtoa mtu kazini. Huenda kortini kudai arudishe mishahara aliyolipwa. Fikiria umefanya kazi miaka minane, umelipa nyumba, umesomesha, kisha unaambiwa urudishe zote tangu siku ya kwanza. Na katika Kanuni ya Adhabu, kughushi hati ni kosa linaloweza kukupeleka jela miaka mitatu. Kuitumia hati hiyo ukijua ni bandia, hata kama si wewe uliyeitengeneza, ni kosa lingine.

Wala haikamati watu wadogo pekee. Mwaka wa 2012, Scott Thompson alikuwa mkurugenzi mkuu wa Yahoo. Alikuwa na digrii ya uhasibu, ya kweli kabisa. Lakini maelezo yake yalisema ana ya uhasibu na ya sayansi ya kompyuta. Hiyo ya pili hakuwa nayo. Kabla ya Yahoo alikuwa rais wa PayPal, kwa hivyo hakuna mtu angesema hajui kazi. Aliondoka baada ya miezi michache tu. Neno moja la ziada kwa wasifu wa mtu ambaye hakulihitaji. Nikisoma hiyo hadithi huwa nakumbuka zile ngazi nilizoshuka.

Na kuna gharama ambayo haiendi kortini. Ninamjua jamaa mmoja wa mtaani, sitamtaja hata kwa herufi, aliyeingia kazini kwa cheti ambacho si chake. Anaijua kazi, tena vizuri. Amewafunza vijana waliokuja baada yake na sasa ni wakubwa wake. Kila mara nafasi ya kupanda cheo ikitokea, yeye husema ameridhika alipo. Wenzake humwona mnyenyekevu. Ukweli ni kwamba kupanda cheo kunamaanisha faili lake kufunguliwa. Ile karatasi iliyomwingiza ndani ndiyo imemfungia ndani. Aliniambia siku moja, tukiwa tumekaa kibandani, kwamba simu ya ofisi ikilia kabla ya saa mbili asubuhi tumbo hukata. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yake imekuwa fupi kwa namna yake: imefika mahali ikaisha, naye amesimama hapo.

Halafu kuna leseni bandia, na hapo sina huruma hata kidogo. Digrii bandia ya mauzo itaumiza kampuni. Leseni bandia ya uuguzi itaumiza mama yako wodini. Stima iliyofungwa na mtu aliyejipa daraja itachoma ploti nzima usiku watu wakiwa wamelala. Dereva aliyenunua leseni amebeba watu kumi na wanne. Ukifika hapo, usiite hiyo hustle.

Waajiri, na nyinyi mjitazame

Sitakuwa nimetenda haki nikimaliza na vijana peke yao. Uongo mwingi wa CV huanzia kwa tangazo la kazi. Kazi ni kupokea simu na kuandika majina ya wageni, tangazo linataka digrii. Kazi ni kuuza sukari jumla, tangazo linataka digrii na miaka mitatu ya uzoefu, kwa mshahara ambao hautoshi kodi na fare. Kisha mnashangaa mkiletewa vyeti vya River Road. Mnapoweka ukuta mahali ambapo mlango ungetosha, watu wataruka ukuta, na wengine watauvunja.

Andikeni kile kazi inahitaji kweli. Kama ni leseni, taja leseni na daraja. Kama ni ujuzi, sema ni ujuzi gani na mtaupima vipi. Kama digrii haihitajiki, itoeni. Na thibitisheni vyeti mapema, kwa kila mtu, kuanzia mtoto wa mwenyekiti hadi yule aliyekuja kwa miguu kutoka Kayole. Kijana anaona nani huulizwa vyeti na nani haulizwi. Akiona sheria ni ya wasio na mtu ndani, somo analojifunza si lile mlilokusudia.

Na tafadhali, mkiona neno 'haijakamilika' kwa CV, msiitupe kabla ya kusoma mstari unaofuata. Huyo mtu amewapa kitu ambacho wengine watano kwenye hilo rundo wamewaficha.

Kama huna karatasi lakini una kazi mikononi

Kuna wewe ambaye unasoma hii ukisema, mimi hata hiyo digrii ya nusu sina. Umejifunza kuchomelea vyuma kwa mjomba Gikomba, umeshona, umetengeneza magari, umefanya mjengo miaka mitano. Usidhani sehemu yako ya CV ni ukurasa mtupu.

NITA hutoa majaribio ya ufundi ya serikali, Gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Fundi aliyejifunzia kazi jua kali anaweza kukaa huo mtihani na kutoka na karatasi inayosema mikono yake inajua nini. Kuna pia utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu alipata nje ya darasa, unaosimamiwa chini ya Mamlaka ya Sifa za Kitaaluma, KNQA. Unapimwa kwa kile unachoweza kufanya. Vyuo vya ufundi navyo vinapokea watu wenye gredi za chini za KCSE, na kuna ngazi za kuanzia chini na kupanda. Hakuna hata moja kati ya hizi inayofanyika kwa siku moja kama River Road. Lakini ukishaipata, hulali ukiogopa simu.

Kabla ya hapo, andika kazi yenyewe. 'Uchomeleaji, miaka mitano, milango na madirisha ya nyumba za kupangisha', pamoja na nambari ya mtu aliyekuajiri na amekubali kupigiwa. Mwajiri wa mjengo anaelewa hiyo lugha kuliko jina la chuo ambacho hukusoma.

Sasa rudi kwa ile CV uliyofungua mwanzoni. Usiifute yote. Pitia mstari kwa mstari. Pale ulipoongeza, punguza. Pale ulipoficha leseni, ipandishe juu. Pale ambapo hukumaliza, andika hukumaliza, na chini yake uandike ulichofanya tangu uondoke. Kisha peleka kopi ya vyeti vyako vyote mahali salama, maana mvua ya Nairobi na panya wa ploti hawajali umesoma nini.

Itakuwa fupi kuliko ile ya zamani. Yangu ilipungua kutoka kurasa tatu hadi moja na nusu, na nikaona aibu kuituma. Nilituma tu. Waliponipigia wakaniambia nibebe vyeti halisi, nilibeba bahasha nyembamba, nikapanda zile ngazi, na simu nikaiacha ikiwa on.